Watoto 87, kishikwambi kimoja cha sensa: darasa la awali nimeanza na masikio

#1 Madam wa Awali (Maswa)

Habari za jioni wadau. Uzi huu ni mrefu kidogo, mwenye chai yake aisogeze karibu.

Nafundisha awali shule ya serikali wilaya ya Maswa, Simiyu. Mwaka huu nina watoto 87. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25, kwa hiyo hesabu pigeni wenyewe. Wengi wana miaka 5, wachache wana 4, walikuja wamefuatana na dada zao wakagoma kurudi nyumbani. Umeme upo ofisini kwa mwalimu mkuu tu, darasani hakuna soketi hata moja.

Kifaa nilichonacho ni kishikwambi, vile vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu makarani walipomaliza kuhesabu watu. Changu kilikaa muda mrefu kazi yake ikiwa kusomea mtaala na, tusidanganyane, tamthilia za usiku. Kwenye semina tukaambiwa TEHAMA iingie mpaka darasa la awali. Nikafanya kile ambacho nadhani wengi tungefanya: nikapakua katuni, nikakiegemeza kwenye ubao, nikawaambia watoto watazame. Wa mbele waliona. Wa katikati waliona visogo vya wa mbele. Wa nyuma wakaanza kupigana. Dakika ya tatu nikazima, tukatoka nje kuimba.

Usiku ule nikawaza: kile kioo kinatosha watoto watano, sita wakibanana. Lakini sauti ikipata spika inawafikia wote 87, hata yule anayekaa chini ya dirisha. Nikanunua spika ndogo ya Bluetooth kwa shilingi 28,000 mnadani, hela yangu mwenyewe. Jumamosi nikazunguka kijijini na kishikwambi kama mwandishi wa habari. Nikarekodi jogoo, mbuzi, ng'ombe, bodaboda ikipigwa kiki, mama akitwanga kwenye kinu, maji yakimiminwa kwenye ndoo, cherehani ya fundi wa sokoni, mlango wa bati, mtoto anacheka, na kengele ya shule, ambayo kwetu ni rimu ya gari inayogongwa na nondo. Kila moja sekunde kumi hivi.

Jumatatu kipindi cha kwanza: "Hii ni sauti ya nini?"

Jamani. Darasa lilinyamaza. Nimefundisha awali miaka sita, na ukimya wa aina ile nilikuwa naupata wakati wa uji tu.

Watoto wangu wengi nyumbani ni Kisukuma mwanzo mwisho. Ikisikika ya kuku wanapasua paa, "Ngoko!" Ya mbuzi, "Mbuli!" Siwakatai. Nasema ndiyo, ngoko, kwa Kiswahili tunasema kuku, nacheza tena, wanasema kuku. Raundi ya pili sitaki neno moja, nataka sentensi: nani anafanya nini? "Mama anatwanga." Anatwanga nini? Hapo mabishano, huyu mtama, yule mahindi. Kipindi chetu ni dakika 20, na spika inafanya kazi dakika 5 au 6 tu kati ya hizo. Baada ya hapo naizima, tunatoka nje, wanaiga zile sauti kwa miili yao, wanachora kwenye mchanga walichosikia.

Kwenye hesabu ndiko nilikoshangaa zaidi. Nilirekodi kinu kinapigwa mara 3, mara 5, mara 2. Mtoto anasikiliza, kisha anaweka mbele yake vizibo vya soda kwa idadi ya mapigo. Nikichora mistari mitano ubaoni, mtoto anahesabu kwa kunyoosha kidole, akipotea anaanza upya, mistari ipo tu inamsubiri. Pigo la kinu likishapita limepita, inabidi alishike kichwani. Wapo watoto niliowaandika kwamba wanajua kuhesabu mpaka 10, kumbe walikuwa wanaimba namba. Kinu kiliwaumbua wao, kikaniumbua na mimi.

Sasa hasara. Wiki ya kwanza spika niliiunganisha na simu yangu. Katikati ya kipindi ikaingia simu ya wale wa mikopo ya mtandaoni, kidole kikapokea. Darasa zima na mwalimu wa darasa la kwanza ukuta wa pili wakasikia kwa sauti ya kiume: "Dada, deni lako lina siku tisa." Mtoto mmoja akanyoosha kidole, "Madam, hiyo ni sauti ya baba!" Tangu siku hiyo ni kishikwambi tu, hakina laini.

Nataka kusikia wenzangu mnafanyaje.

#2 Mzee wa Hoja

Madam, pole na wale jamaa wa mikopo. Ila mimi nipingane na wewe. Mtoto wa miaka mitano na vifaa hivi wapi na wapi? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019: mtoto wa miaka 2 mpaka 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo akiwa amekaa, na pungufu ya hapo ndiyo bora. Nyumbani tunawanyang'anya simu, shuleni mnawapa. Tulisoma kwa vijiti na mawe, mbona tumefika?

#3 Madam wa Awali

Mzee wangu, shikamoo. Vijiti na mawe bado vipo, na hivyo vizibo vya soda ni mjukuu wao.

Mwongozo huo naukubali, na ndiyo maana nimesema masikio. Spika haina kioo. Mtoto anasikia, anatafuta neno, anasimama, anaruka kama mbuzi, hakai ameduwaa. Kishikwambi wanakigusa kwenye kona ya kujifunzia tu, watoto watano watano, dakika chache, na siyo kila siku. Hiyo saa moja mimi naihesabu pamoja na ya nyumbani. Huku kwetu nyumbani wengi hawana, lakini mwalimu wa mjini ajue kwamba mtoto wake pengine ameshaimaliza kabla hajanywa chai.

#4 Mwalimu wa Maandalizi, Unguja

Hongera mwalimu mwenzangu. Nimecheka, kwa sababu hili unaloligundua sisi huku visiwani tumelelewa nalo. Mradi wa RISE, wa kufundisha kwa redio, ulioanza 2006 ulikuja na vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, na vile vituo vya mitaani mpaka leo watu wanaviita TuTu. Mwaka huo huo wa 2006 ndio sera yetu ya elimu iliihesabu skuli ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima, na skuli zenyewe zilikuwa hazitoshi. Basi mama wa mtaani aliyepewa mafunzo alikaa na watoto chini ya mwembe au barazani, redio ikafundisha, yeye akasimamia.

Nilichojifunza pale ni kunyamaza. Mtangazaji anauliza, "Mkononi una vidole vingapi?" kisha anaacha kimya. Mtoto anajibu redio! Ndipo redio inasema, "Naam, vitano." Mtu mzima asiyejua ataona kipindi kimekatika. Kile kimya ndicho darasa lenyewe. Wewe ukirekodi, uliza kwa sauti yako humo humo, halafu acha sekunde tano bila neno. Utaona hata mikono yako imepata nafasi: unamshika huyu, unamfuta makamasi yule, na somo linaendelea.

Na kingine, rekodi sauti za watoto wenyewe. Mtoto akisikia sauti yake kwenye spika, kwa raha utakayoiona hulali.

#5 Madam wa Awali

Mwalimu, la kunyamaza sikuwa nalo kabisa. Mimi nilikuwa nabonyeza simama, cheza, simama, cheza, huku mgongo nimewapa watoto. Kesho naanza kurekodi upya.

La sauti za watoto nimelijaribu kidogo. Kuna mmoja ambaye tangu Januari hakuwahi kunijibu neno, anaitikia kwa nyusi. Kwenye kona nilimpa kishikwambi, nikamwonyesha kitufe chekundu, nikaenda kwa wengine. Nyumbani usiku nikasikiliza. Dakika mbili za kupumua, kuku wanapita, kisha kwa mbali, "Hiki changu." Basi. Nikacheza darasani bila kusema ni nani. Wakabahatisha majina kumi, la kwake hawakulitaja. Ameinua mkono mwenyewe. Mpaka leo haongei sana, lakini akiulizwa anajibu, na mimi ripoti ya maendeleo yake naiandika nikiwa na kitu cha kusikiliza. Nimeamua kila mtoto nimrekodi sentensi tatu mwezi wa pili, wa sita na wa kumi na moja. Mzazi akiniuliza mwanangu ameendeleaje, nitamwekea asikie.

#6 Fundi Simu wa Kahama

Madam, naingilia kwa upande wangu. Umesema spika ya Bluetooth. Angalia pembeni yake kama ina tundu la memori kadi. Kama ipo huhitaji hata kishikwambi wakati wa kipindi. Weka sauti kwenye kadi, chomeka, bonyeza mbele na nyuma.

Mambo ya kuzingatia. Virekoda vingi vya Android vinahifadhi sauti kwa faili za aina ya m4a au amr, na spika za bei hizo zinasoma mp3, wav ukibahatika. Utachomeka kadi, ikae kimya, useme ni mbovu. Badilisha faili ziwe mp3 kwanza, programu za bure zipo. Majina ya faili yaanze na namba, 01, 02, 03, la sivyo spika itazipanga inavyotaka yenyewe na jogoo atawika zamu ya ng'ombe. Kadi isizidi GB 32, kubwa zaidi ya hapo spika nyingi haziisomi. Kwa kweli GB 4 inakutosha mpaka ustaafu, dakika moja ya mp3 ya kawaida ni kama MB 1.

Ukilazimika kutumia simu, weka alama ya ndege, kisha washa Bluetooth peke yake. Wale wa mikopo hawatakupata.

Na msidanganywe na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Ipeleke mwisho wa duka, rudi mlangoni, sikiliza maneno kama yanaeleweka. Besi nyingi inaua maneno.

#7 Madam wa Awali

Tundu lipo! Miezi mitatu nadhani ni la chaja. Asante sana fundi.

#8 Mtoto wa Handeni

Mimi niseme la kwetu Tanga maana naona watu wanaongelea spika tu. Kati ya 2017 na 2019 mkoa wetu ulipata majaribio ya Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kufundishia watoto. Karibu watoto 3,000, vijiji 170 hivi, tableti za Pixel C zilizotolewa na Google, na kituo cha sola cha kuchajia. Asilimia 74 ya watoto hao iliripotiwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ikapungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10. Kwa hiyo kioo kinafundisha, tuache kukiogopa.

#9 Madam wa Awali

Sikikatai, na hilo ni jambo kubwa. Ila tazama tofauti. Wale kila mtoto alikuwa na chake, walikuwa wakubwa kuliko wangu, na lengo lilikuwa wajifunze kusoma mahali ambapo mwalimu hayupo. Hata hivyo nusu ya wale wasioweza wakabaki hawawezi. Mimi nipo, kioo kimoja, na mtoto wangu kazi yake mwaka huu ni kuongea, kucheza, kuhesabu kwa mkono, kukaa na wenzake. Ungenipa tableti 87 leo, kwanza ningetafuta kabati la kuzifungia. Kuna shule naifahamu walipewa televisheni na mfadhili. Ipo ofisini, imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake ua la plastiki.

#10 Mama wa Mapacha, Dar

Afadhali hiyo ya kitambaa. Wangu wanasoma shule ya kulipia, sitaitaja. Kilichotuvuta ni bango la watoto wameshika tableti. Ada ya TEHAMA imo kwenye risiti. Nikawauliza wanangu mnafanya nini na tableti? "Tunapasua maputo." Muhula mzima. Anagusa puto, linapasuka, nyota zinashuka. Nikamuuliza mwalimu, akasema wanajenga misuli ya vidole. Mama yangu mzazi akasema misuli ya vidole inajengwa kwa kuchambua mchele, na bila ada.

Ila madam nina swali. Hiyo shule inatuma picha za watoto kwenye grupu la WhatsApp la wazazi kila siku. Watoto wa watu wamo, na majina. Wewe picha unapiga?

#11 Madam wa Awali

Bibi apewe kiti.

Picha napiga, za vitu zaidi kuliko nyuso. Mfano, tuliotesha kunde kwenye kopo la maji lililokatwa. Kila asubuhi mtoto mmoja wa zamu anapiga picha moja tu, kopo likiwa mahali pale pale. Siku ya 9 nikapeleka picha steshenari, wakanitolea tisa kwenye karatasi moja ya A4, nyeusi na nyeupe, shilingi 500. Nikakata, nikabandika kwenye vipande vya boksi. Sasa zipo kona ya sayansi, wanazipanga: ilikuwa mbegu, ikavimba, ikatoa mzizi, ikachomoza. Walibishana kuhusu picha ya nne na ya tano mpaka tukaotesha nyingine kuhakikisha. Na maneno "kabla" na "baada ya", ambayo nilikuwa nayaimba kila mwaka bila mafanikio, yakaingia yenyewe.

Kamera pia natumia kukuza. Kucha za mtoto zikikuzwa mpaka zijae kioo, hakuna haja ya wimbo wa usafi. Kesho yake nusu ya darasa walikuja wamekatwa kucha. Mmoja mama yake alikuja kulalamika kwamba mtoto amegoma kula mpaka akatwe.

Kuhusu grupu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kwa mtoto mwenye kutoa ridhaa ni mzazi au mlezi. Mimi kwenye kikao cha wazazi mwezi wa kwanza niliwaeleza ninachorekodi na kwa nini, wakatia sahihi, wachache wakakataa na wa kwao siwarekodi. Na hata walioridhia, sauti haziendi kwenye grupu lolote. Muulize mwalimu wako nani aliridhia.

#12 Mwalimu wa PP2, Kilifi

Nawasalimu kutoka Kenya. Huku CBC, yaani mtaala wa umilisi, ilipoanza kote nchini 2019, ujuzi wa kidijitali ukawa mmojawapo wa umilisi saba wa msingi, na sisi wa PP1 na PP2, madarasa mawili ya chekechea, tumo. Lakini zile tableti za serikali za 2016 zilikuwa za darasa la kwanza, sisi tukabaki tukizitazama dirishani. Elimu ya chekechea iko chini ya kaunti, hivyo kila mmoja anapata kulingana na kaunti yake.

Ninachofanya mimi: tumetengeneza simu na kompyuta za maboksi. Watoto wanapiga simu za maboksi kwenye kona ya duka, "Haloo, nataka unga kilo mbili," mwenzake anaandika oda kwa michoro. Ndipo nawapa simu halisi warekodi mazungumzo hayo. Wakijisikiliza wanajisahihisha wenyewe, "Hukusema tafadhali!" Mkaguzi alipokuja akauliza kifaa cha kidijitali kiko wapi, nikamwonyesha boksi. Hakufurahi sana.

Swali langu kwa madam: hiyo chaji unaitoa wapi, ikiwa darasani hakuna stima?

#13 Madam wa Awali

Spika nachaji ofisini saa nne wakati wa uji, inanitosha siku mbili kwa kuwa naitumia dakika chache. Umeme ukikatika wiki nzima, kuna duka la vinyozi lenye sola, shilingi 300. Na siku ikiisha kabisa, tunafanya mchezo ule ule kwa mdomo, mimi najificha nyuma ya mlango nagonga sufuria.

Simu za maboksi nimeziiba, asante.

#14 Mzee wa Hoja

Marahaba madam, nilisahau kuitikia. Nimesoma uzi wote. 1973 mimi nikiwa kijana nilikaa kwenye kikundi cha redio cha kampeni ya Mtu ni Afya, tunasikiliza, tunazima, tunajadili, tunakwenda kuchimba choo. Hili lako naona ni lile lile. Sina ugomvi na redio. Ugomvi wangu uko pale pale kwa kioo, na mama wa mapacha amenisaidia.

#15 Mwalimu wa Maandalizi, Unguja

Madam, nimekutumia pembeni sauti mbili nilizorekodi alfajiri pale ufukweni. Usiwaambie watoto ni nini. Niambie wamesemaje.

#16 Madam wa Awali

Wadau, samahani nimepotea siku nne, tulikuwa na mitihani ya darasa la saba shuleni.

Mwalimu wa Unguja, ya kwanza nimeicheza leo, na kimya cha sekunde tano nikakiacha kama ulivyonifundisha. Wa "Mvua!" ndio walioshinda kwa wingi. Wengine wakasema upepo kwenye mahindi. Mmoja akasema ni bibi anapepeta, na nilipoicheza tena nikasikia kweli, inapanda, inashuka, kama ungo. Mwingine akasema basi linapita lami.

Halafu mtoto mmoja wa nyuma, ambaye likizo alipelekwa Magu kwa babu yake, akasimama: "Nyanza!" Wenzake hawajawahi kuona ziwa, wakamgeukia, nyanza ndiyo nini? Akaeleza kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa mikono, maji mengi yanayokuja, yanarudi, yanakuja, yanakulowesha miguu. Wakamuuliza yanarudi wapi. Akafikiri. "Yanarudi kwao."

Sikumwambia ya kwako ni bahari. Nitasema kesho nikiwa na picha. Ya pili bado sijaicheza, na mimi mwenyewe sijaijua, ile inayolia kama mbao inabanwa. Nami nimekutumia pembeni njuga za ng'ombe wakitoka zizini asubuhi, wape watoto wako wabashiri.

#17 Mwalimu wa Maandalizi, Unguja

Ya pili ni ngalawa inavutwa kwenye mchanga. Za njuga wamesema ni gari la askirimu.